Mguu wa Kulia wa Baba

Kuna kitufe kushoto mwa usukani,
kidogo kama punje ya hindi,
na kwa ajili yake mimi na Tadej tumenuniana tangu Pasaka.

Ukikibonyeza, gari linakufikiria.
Unakanyaga klachi, unarudi gia ya pili,
nalo, kabla hujapumua, limeshaipandisha injini sauti
hadi pale pale inapotakiwa,
na gia inaingia kama kijiko kwenye asali.
Hakuna mshtuko. Hakuna abiria anayetafuta pa kushika.

Tadej anasema: hiyo si gia, hiyo ni lifti.
Anasema: ukitaka kutafuniwa, nunua otomatiki.
Yeye huendesha kwa viatu vya soli nyembamba,
vidole kwenye breki, kisigino pembeni kikigusa mafuta,
mguu mmoja, kazi mbili.

Nusu yangu inamkubali, kwa sababu naujua utamu wake:
kona ya kumi na tatu ya Vršič, mawe yamelowa umande,
breki, klachi, gusa, mngurumo mfupi,
gia, achia,
na gari zima linatulia kama paka aliyepata joto la jiko.
Mara moja kati ya tano, nakiri.
Zile nne linaruka kama mbuzi aliyeona nyoka,
na harufu ya klachi inanifuata hadi kileleni.

Baba yangu, Vinko, hakosi. Hakuwa akikosa.
Miaka ishirini na sita aliteremsha magogo kutoka Trenta
kwa lori lisilosamehe,
ambalo gia zake hazikuwa na adabu ya kungojana;
sharti ukanyage klachi mara mbili,
usikilize chuma kinasema nini.
"Gia haiingizwi kwa nguvu," alinifunza. "Gia hupigiwa hodi."

Novemba alianguka kwenye ngazi ya ghala la nyasi.
Daktari wa Jesenice alikifunga kifundo kwa skrubu mbili.
Mguu unatembea, unapanda ngazi kwa hasira,
lakini haupindi;
kisigino na vidole ni ndugu wasiosemezana.

Jana nikampa ufunguo.
Kitufe nilikuwa nimekiwasha kimya kimya,
kama mama anayeficha dawa kwenye uji.

Kona ya kwanza. Ya pili. Ya nne.
Gari likamkabidhi kila gia ikiwa imepigwa pasi.
Mabega yakamshuka,
mkono ukalala juu ya gia kama juu ya kichwa cha mbwa mzee.
Kona ya nane, penye kanisa la mbao, akacheka peke yake.
Nikajisemea: Tadej na aende zake.

Ya kumi na moja, bila kunitazama:
"Nani anapiga hodi kwa niaba yangu?"

Nikamwonyesha.
Akakitazama muda mrefu kuliko barabara ilivyoruhusu.
Akakizima.

Ya tatu kwenda ya pili:
gari likapiga chafya, matairi ya nyuma yakalia,
mkanda ukanikaba kifua,
chupa ya maji ikabingirika ikajificha chini ya kiti.
Waendesha baiskeli wawili wakageuka kututazama.
"Haya," akasema. "Huyu ndiye mimi wa leo."

Kona mbili zaidi akaenda hivyo, akikosa,
akiapa kwa dubu mia tatu wenye manyoya.
Ya kumi na nne akakiwasha tena,
kama mtu anayechukua mkongojo wake ukutani:
bila aibu, bila shukrani.

Kileleni tulikula mkate na soseji, injini ikitatarika ikipoa.
Nilitaka kumuuliza kama kitufe kina thamani.
Lakini alikuwa amevua kiatu,
na dole gumba lake linachora kwenye changarawe:
mbele, pembeni, mbele.

Kushuka niliendesha mimi, kitufe kimezimwa.
Kona ishirini na nne.
Nilikosa kumi na tisa.
Baba alizihesabu kwa sauti.