Asilimia Themanini na Saba

Kutaisi, saa tisa usiku. Theluji imeganda dirishani,
kompyuta ya baba imeganda pia:
asilimia themanini na saba, tangu jana.

Nimeizima. Nimeiwasha. Nimechomoa printa,
kipanya, hata ile flashi mbovu ya Gvantsa.
Kioo cheusi. Kistari cheupe kinapepesa
kama mtu aliyesahau jina lako
na anaona haya kuuliza.

"Kipya kinyemi," nilimwambia, "wewe bonyeza tu."
Msemo sikuumaliza.

Alfajiri nasalimu amri, naurudisha mfumo wa zamani:
rangi yake ya kijivu, saa yake inayochelewa,
na mama mzabibuni, ndoo mkononi,
jicho moja kalifumba kwa jua.

Baba anavuta kiti.
"Usiiguse tena."
Kisha anauliza kama nimekula.