Nguzo ya Kumi na Tisa

Meneja anataka namba moja.
Niiandike kwa wino mweusi katika kisanduku
kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho:
laini hii ya Kiloleni itabeba sola za mapaa mangapi
kabla haijalalamika?

Nimeanza na miguu.
Transfoma ipo jirani na mashine ya kusaga,
inavuja mafuta kidogo,
inakoroma kama mtu aliyelala chali.
Kutoka hapo nguzo kumi na nane zimesimama wima,
ya kumi na tisa imeinama
juu ya ua wa Bi Nyanzala,
aliyeuza asali misimu mitatu
akanunua paneli nane.

"Asubuhi kinawaka," alisema, akinyoshea kidole inveta.
"Jioni kinawaka. Saa sita, jua likiwa utosini, kinazima.
Punda gani huyu,
anayelala njia ikiwa nyeupe?"

Nikachomeka kipimo ukutani, tukakaa kukitazama.
Mia mbili hamsini na moja.
Hamsini na mbili.
Hamsini na tatu.
Tk.
Kimya, na jua likaendelea kumwagika bure juu ya bati.

Volti moja ya ziada
ni chumvi ya ziada mbogani:
haionekani, lakini mboga hailiki.

Nikamweleza: mama, waya huu ulivutwa kwa safari moja tu,
kutoka transfoma kuteremka kwako.
Siku hizi, wewe na jirani zako watatu, mnarudisha.
Kinachopanda lazima kisukume,
na huku mkiani, ambako waya ni mwembamba,
mnasukumana ninyi kwa ninyi.
Akauliza: "Sasa nani apumzike?"
Hilo halimo katika mwongozo.

Ofisini kompyuta inatawanya paneli juu ya mapaa
kama anayerushia kuku mtama,
mara elfu moja, bila upendeleo.
Zikiangukia karibu na transfoma,
mapaa thelathini na manne, na laini imetulia.
Zikirundikana mkiani,
manne tu, na imeshapiga kelele.
Namba moja iko wapi hapo?

Na siku ya kuogopa si ya mvua.
Ni Jumapili ya Agosti, anga halina hata uzi wa wingu,
wachomeleaji wako kanisani, pasi zimepoa,
Kashindye kafunga mashine yake:
kila paa linatoa, hakuna anayepokea.
Jumatatu akiwasha mota,
volti zinashuka kama watoto walioitwa kula.
Hakuna aliyewahi kumwandika Kashindye katika hesabu.
Nimemwandika mimi.

Droo ina maombi ishirini na mawili.
La juu ni la Mwalimu Msonga, nguzo ya pili,
ambaye hata angefunika choo chake kwa paneli
asingemsumbua mtu.
La mwisho ni la Ndisha kinyozi, nguzo ya kumi na nane.
Namba moja itamnyima Msonga
kwa kosa la wembamba wa waya asioujua.

Nimeandika: manne.
Kisha kalamu ikatoka nje ya kisanduku,
ikapanda pambizoni, ikageuka nyuma ya karatasi:
badilisheni waya kuanzia nguzo ya kumi na mbili,
teremsheni transfoma ngazi moja,
yafike ishirini na sita.
Au, kwa sasa,
mwombeni Kashindye asage Jumapili
baada ya misa.

Meneja atasema nimechafua fomu.