Geji

Miezi saba mshale ulilala kwenye F
kama shemeji aliyeshiba asiyetaka kuaga,
nami nikauamini. Hadi Jumanne ile ya Septemba
pikipiki ilipokohoa mara mbili, ikanyamaza,
katikati ya Handali na Mvumi, saa nane mchana,
upepo ukinijaza vumbi jekundu mpaka kwenye meno.
Nikatikisa tangi. Halikusema kitu.

Nikasukuma. Afisa ugani wa kata nzima,
mbegu za mtama mgongoni, helmeti kwenye usukani,
nasukuma kama anayepeleka ng'ombe mgonjwa
kwa daktari aliyekwisha kufunga.
Yudesi wa kibandani aliniuzia lita moja ya chupani
kwa bei ya mtu aliyekuona ukija kwa miguu.

Ofisini waliniambia: andika barua.
Niliandika. Ilipanda ngazi,
nadhani bado inapumzika njiani.
Jumamosi nikaenda Majengo mwenyewe.
Kijana wa vipuri akaipangusa geji kwa shati lake:
"Hii, dada, inaingia pikipiki zote,
ukitaka inaingia hata mkokoteni wa punda."

Sikuwahi kufungua kitu zaidi ya kiti.
Nikatandika khanga kuukuu uani,
nikazipanga nati mstari kama watoto wa darasa la kwanza,
nikachora kwenye daftari: nyeusi hapa, kijani pale,
nikamwaga mafuta kwenye dumu,
nikafungua bolti nne chini ya tangi,
nikauvuta, polepole, mkono mwembamba wenye boya.

Boya!
Kumbe siku zote mle gizani
kulikuwa na kitu kinachoelea,
kikipanda, kikishuka, kikisema kweli tupu,
na waya mmoja uliooza umekiziba mdomo.

Nilikosea. Kwanza mpira wa kuzibia ulipinda,
petroli ikanichuruzika hadi kiwikoni.
Kisha nikazipishanisha waya, mambo yakawa kinyume:
tangi tupu likajigamba, lililojaa likalia njaa.
Lemunge, mtoto wa jirani, akachungulia:
"Shangazi, imekuwa kama watu."

Mara ya tatu mshale ukaamka.
Lakini tangi likiwa kavu, kavu kabisa,
wenyewe umekaa kwenye robo, umekunja nne.

Nikaiweka spana chini.
Nikamkumbuka Chilewa wa kule bondeni:
kila mavuno nikija na daftari husema magunia kumi,
nami najua ni saba.
Mama Malogo husema mawili, ni matano,
anaogopa mchango wa shule.
Miaka kumi na moja nasoma vipimo vya namna hii
na sijawahi kumbadilishia mtu waya.

Basi nikaitwaa chupa ya Yudesi,
nikamimina lita, nikatazama mshale;
lita nyingine, nikatazama tena;
na kwa rangi ya kucha ya binti yangu
nikatia nukta kwenye kioo:
hapa ndipo kwisha. Hapa lita mbili. Hapa unafika Mvumi na kurudi.
Uongo ukishaujua urefu wake
unaweza kuutumia kama rula.

Binti alirudi kanisani, akakuta kichupa kimebaki nusu,
hakunisemesha mpaka usiku.

Sasa naona nisichokuwa nakiona:
mafuta ya mwezi mzima huisha tarehe kumi na moja.
Zamani sikujua, nilikuwa nazimikiwa tu,
nikidhani ni bahati yangu.
Na bado, kabla ya kuwasha, natikisa tangi, natega sikio.
Mazoea hayana geji.

Nyuma ya ofisi kuna kopo la kupimia mvua.
Nalisoma kila asubuhi saa tatu, nazibua utando wa buibui,
naandika sifuri, natia sahihi.
Hilo halijawahi kunidanganya hata siku moja.