Utenzi wa Kiti cha Katikati

Twalibu mwana wa dada,
alipokwisha ibada,
hakungoja hata muda:
"Tiketi i mfukoni!

Nimeipata rahisi,
nusu ya bei halisi,
usitie wasiwasi,
mama mdogo, moyoni."

Nikamuuliza jina
la ndege; akatafuna
maneno yasiyo shina,
yakapotea kinywani.

Habari ikazagaa,
wazee wakashangaa,
jina wakalikataa
Langoni na Mkomani.

Shee wa duka la nyuzi,
hajapanda hata ngazi
ya ndege, ila ujuzi
haumwishi mdomoni:

"Rahisi, bibi, upishi
huvunja, wala haishi
hapo: utakula moshi
na njaa kule angani."

Begi likapimwa, bwana,
sokoni, kwenye ndoana
ya nguru, likagongana
na samaki wa pembeni.

Kilo zikazidi tano:
nikatoa kwa mkono
visheti vile vya ngano
na achari ya chupani.

Sikutoa kanga mbili
za mjukuu wa pili
aliyezaliwa mbali,
huko Oslo, barafuni.

Mokowe nikavukia,
basi nikalidandia,
kutwa likanirushia
kichwa changu dirishani.

Vizuizi vya polisi
saba, nane; sikukisi
tena. Likapita basi
Witu, Minjila, Gongoni.

Mombasa nikaingia
miguu imevimbia,
na bado sijaanzia
safari ya mawinguni.

Nikaikuta yangoja,
mkiani nyota moja,
maandishi kama koja,
rangi yake bilingani.

Nikapewa katikati,
huku goti, huku goti;
mkono hauna kiti,
nikaufunga kwapani.

Kuomba maji ni pesa,
blanketi nayo ni pesa,
ila mimi sikukosa
mtandio wa begani.

Nikamkumbuka Shee:
kashinda hoja mzee!
Sharuti nimwongopee
nitakaporudi pwani.

Dirishani yupo Dama,
kiganja kimezizima,
aenda kulea mama
wa wenyewe, Arabuni.

Gurudumu likang'oka,
mkono akanishika,
sote tukatetemeka
kama kuku wa tengani.

Kioo kina mchoro
wa ndege; na mshororo
mweupe, pasi kasoro,
wapita juu ya pwani:

Kilifi, kisha Watamu,
Malindi... nikafahamu.
Neno likatoka: LAMU,
herufi nne pembeni.

Njia ya mchana kutwa
kwa nusu saa yafutwa,
nami kama aloitwa
arejee mlangoni.

Dama kavuta kipande
cha pazia, nijipinde,
nitazame kwa upande
taa zilizo gizani.

Ukanda mwembamba, taa
chache, mfano wa kaa
la chetezo. Nikakaa,
pumzi i kifuani.

Dada yangu Zaharia
saa hii anafungia
mlango, na kutulia
na redio mkekani.

Kichwani pake napita,
nataka hata kumwita.
Mkono Dama kavuta:
"Mama, watafuta nini?"

Nikamwambia, "Ni kwetu."
Akatazama: si kitu,
weusi tupu, na watu
hawaonekani ndani.

Kisha kioo kikala
jina; Dama akalala,
hatujapewa chakula,
na kichwa chake begani.

Mtandio nikatanda,
yeye na mimi, kitanda
cha inchi chache; tukenda
tukikoroma hewani.

Arabuni tukashuka,
wakala akaishika
pasi yake, wakatoka
mlango wa kushotoni.

Sikuiomba nambari.
Saa kumi nasubiri
ndege ya pili; safari
naiota sakafuni.

Na jina la ndege ile,
mkiniuliza lile,
halijanikaa; vile
laniponyoka kinywani.

Naukumbuka uzito,
na pumzi zake za joto,
kile kichwa cha mtoto
kisichopimwa mizani.