Bega la Leokadia

Bibi Genowefa hakubisha hodi. Aliingia na supu,
akasimama nyuma ya kiti changu, akaitazama skrini
kama atazamavyo mshono wa fundi mwingine.
"Ksawery," akasema, "huyu mwanamke
matumbo yake kayaweka wapi?"

Nikamweleza: ndivyo walivyomtoa,
kiuno cha nyigu, paja la marumaru,
na deraya iliyoacha kitovu wazi
katikati ya vita, katikati ya theluji.
"Atakufa," akasema Bibi. "Si kwa upanga. Kwa kifua."

Nje, mvua ya Novemba ilikuwa inaila Łódź,
matofali mekundu ya vinu vya pamba yakinywa maji,
vinu ambavyo siku hizi vinauza kahawa na viatu.
Humo alishona miaka thelathini na mmoja.
Makoti elfu ngapi? Hakuhesabu.
Walihesabu wao.

Nikamwonyesha vitelezi:
hiki cha nyonga, hiki cha tumbo, hiki cha shingo,
sukuma kulia, nyama inajaa,
vuta kushoto, mifupa inachomoza.
Alicheka mpaka meno ya bandia yakamlegea.
Kisha akanyamaza, akavuta kigoda.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake.
Mimi nilikuwa nimevutia kwangu majuma mawili,
shujaa akaishia kufanana na msichana wa duka la baiskeli.
Bibi akakishika kipanya kama chaki,
akavutia kwake.

Tumbo lililokwisha kuzaa. Mkono wenye nyama karibu na kwapa.
Magoti mazito ya kusimama.
"Sasa bega. La kushoto. Lishushe."
Nikashusha. Yakashuka yote mawili.
"Nimesema la kushoto."
"Haiwezekani, Bibi. Mchezo unachonga nusu ya mtu tu,
nusu ya pili ni kioo."
Akanitazama kwa huruma. "Basi kivunje."

Usiku wa Jumanne, na wa Jumatano,
nikakivunja, nukta kwa nukta,
kila pembetatu nikiipiga pasi
isikunjamane shingoni.
Bega likashuka, upande mmoja, vidole viwili,
na papo hapo likalipenya koti,
nyama ikatokeza juu ya sufu
kama kisu kwenye mfuko mbovu.

Bibi hakuona ajabu. "Umemvika koti la mtu mwingine.
Mwili kwanza. Nguo hufuata."
Akachana ukurasa wa gazeti, akachora kwa penseli
mkono wa koti, kwapa limeinuliwa,
posho ya mshono imeachwa nene upande wa kushoto,
nami nikaunakili mstari kwa mstari:
kati ya viraka vyote nilivyoubandika mchezo huu
hicho ndicho cha kwanza kilichoshonwa.

Nikauliza faili tuliite nani.
Akaandika mwenyewe, kidole kimoja,
LEOKADIA,
akiitafuta K kana kwamba imehama nyumba.
"Majora ya kitambaa aliyabeba bega hilo hilo,
zamu ya usiku, mashine ya pembeni yangu.
Koti lake halikumkaa hata siku moja.
Tulimshonea kila mtu, sisi tukavaa yaliyokataliwa."
Supu niliinywa baridi. Hakunigombeza.

Sasa Leokadia anavuka daraja la barafu,
mzito, hana haraka, upanga mgongoni,
na joka linamtemea moto
kama linavyomtemea yeyote.
Upepo wa mchezo unainua pindo.
Bibi anainamia skrini, miwani puani.
"Mgeuze. Nione mgongo."

Ninamgeuza.
Koti limekaa.
Bibi anatikisa kichwa taratibu, mara mbili,
kisha anakisogeza kigoda karibu zaidi:
"Na hiyo kola, nani aliikata?"