Gari la Mtoto

Lodz, kiangazi cha kuponi.
Mama yangu Bogumila, mfumaji wa zamu ya usiku,
alisema siasa ni kazi ya watu wenye viatu vikavu.
Yeye alikuwa na vumbi la pamba kwenye nyusi,
na masikio yaliyolewa mashine
hata tulimwita mara tatu ndipo ageuke.

Haikuanza kwa hotuba.
Ilianza kwa siagi.
Alitoka zamu saa kumi na mbili, akapanga foleni,
wa arobaini na mbili, namba kwa wino kiganjani.
Saa nne mlango ukafunguliwa.
Muuzaji akasema: imebaki siki.
Siki tu, rafu nzima, chupa kwa chupa.

Mama akanunua siki.
Akaiweka mezani, akaitazama
kama mtu anavyotazama barua ya kufukuzwa kazi.
Kisha akacheka.
Nilikuwa na miaka tisa. Kicheko kile
kilinitisha kuliko njaa.

Jumatatu, wanawake wa ukumbi wa pili walizima mashine.
Yake ilikuwa ya mwisho kuzimwa,
si kwa woga wala kwa ushujaa:
alikuwa anamalizia safu. Hakupenda kitambaa chenye kasoro.
Ndipo, baada ya miaka kumi na minane,
akausikia ukimya wa ukumbi ule,
na ndani ya ukimya sauti, kumbe yake,
ikiuliza: "Tunatokea mlango upi?"

Wakatokea mlango mkubwa.

Alikokota kutoka stoo gari langu la utotoni,
gurudumu moja likilia kama paka.
Ndani hamkuwa na mtoto. Mlikuwa na sufuria tupu
na kibao alichokiandika kwa dawa ya viatu:
WATOTO HAWALI KUPONI.
Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, akaikunja pembeni.

Mvua ikanyesha. Hakuna aliyerudi.
Walikuwa mia, kisha barabara nzima,
na madereva wa tramu wakavua kofia.

Baba alitutazama kutoka dirishani, ghorofa ya tatu,
akatikisa kichwa, akatoweka.
Tukamwona anakuja mbio na kopo la mafuta,
akapiga goti kwenye dimbwi mbele ya umma,
akalishika lile gurudumu.

"Liache," mama akasema. "Liache lilie."

Siki ile tulioshea madirisha
mpaka nilipomaliza shule.