Mapanki

Ankara ilikuja Jumanne, kwa dola.
Bwana Rwegoshora wa uhasibu akaipiga kwenye kikokotoo mara tatu,
kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba isiyo na watu,
kisha akaniandikia pembeni, kwa penseli:
Mazigo, chagua kumi na mawili. Mengine funga.

Kumi na mawili, kati ya themanini na saba.

Dawati hili la majarida nimelikalia miaka ishirini na mmoja.
Yalipokuwa yakija kwa posta niliyanusa kwanza,
wino, gundi, ubaridi wa nchi ya watu,
ndipo nikagonga mhuri, nikajaza kadi,
nikayasimamisha rafuni yakitazama ziwa.
Siku hizi hayaji. Tunalipia ufunguo,
na mwaka ukiisha mwenye mlango hubadilisha kitasa
hata cha chumba ulichokilipia jana.

Usiniulize yalianzia wapi.
Nilisikia kiwanda cha minofu kimefuta zamu ya usiku,
wanunuzi wa ng'ambo wamefumba mkono.
Mwezi uliofuata foleni ya dirisha la ada ikafupika.
Uliofuata tena, tukaambiwa taa za ghorofa ya pili
zizimwe saa kumi na mbili.
Sangara akikohoa pale Mwaloni,
maktaba inalazwa wodini.

Nikashika kalamu nyekundu.
Historia ya sheria nikaifuta, haina wa kuitetea,
mwalimu wake amestaafu, yuko Sengerema anafuga kuku.
Nikafuta moja la hisabati, ambalo kwa miaka minne
lilifunguliwa mara moja tu, na aliyelifungua ni mimi,
nikijaribu kama ufunguo unafanya kazi.
La wauguzi nikaliacha.
La udongo nikalifuta, nikalirudisha, nikalifuta,
karatasi ikatoboka.

Alhamisi akaja Nyangeta Magafu, mwaka wa tatu,
anayeandika juu ya kichocho visiwani.
Akanigeuzia kompyuta: kichwa cha makala,
majina sita, ikisiri ya mistari minane,
halafu kufuli, na chini ya kufuli, dola arobaini na mbili.
"Mzee, hii ni shule yetu. Ukerewe.
Walikuja na vikopo, tukapanga mstari nyuma ya jiko,
tukakojoa darasa zima, wakatugawia biskuti."
Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa tano:
watoto mia mbili na kumi na wawili.
"Mmoja wao ni mimi."

Nikatazama orodha yangu. Jarida lile lilikuwa la tisa kutoka juu,
na wino mwekundu juu yake ulikuwa umekwisha kauka.

Nikamchapishia ikisiri. Ndicho nilichokuwa nacho.
Aliyekulia hapa anayajua mapanki:
kichwa, uti wa mgongo, mkia,
minofu imeshapanda ndege.
Mama aliyakaanga mpaka yakalia kama makaratasi,
tukala, tukalamba vidole, tukalala,
lakini hakuna kati yetu aliyewahi kusema
leo tumekula samaki.

Usiku, nyumbani, bando likikaribia kukata,
nikamwandikia wa kwanza kati ya yale majina sita:
Ndugu Profesa, salamu kutoka Mwanza.
Yupo binti hapa anaomba asome mkojo wake.
Nikafuta. Nikaandika kwa adabu. Nikafuta adabu.
Nikatuma ya kwanza.

Fomu nimeirudisha na majarida kumi na matatu.
Rwegoshora ataliona la ziada, si mtu wa kukosa kuona,
na sijui nitamjibu nini.

Leo Jumatatu. Jibu halijaja.
Mawe ya Bismarck yamekaa pale pale majini,
hayadaiwi na mtu.
Nyangeta yuko dirishani kwenye rafu tupu,
karatasi moja mbele yake.
Ameipigia mstari yote,
mpaka nukta ya mwisho,
sasa anauliza kama nina penseli nyingine.